Mpaka wa Kura na Mfereji Mmoja

Jumatatu nilikuwa katika ofisi moja ya serikali mjini Ibra, Omani, nasubiri zamu yangu nibadilishe anwani. Mbele yangu alisimama bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, mwenye shamba la mitende upande wa Samad. Aliweka barua juu ya kaunta, akaibana kwa kiganja.

"Shikamoo bibi," karani alisema.

"Marahaba mwanangu. Kijiji chetu kimekatwa pande mbili, kila upande unachagua mjumbe wake. Lakini mfereji wa maji ni mmoja. Mafuriko yalipouvunja, mjumbe huyu akasema ni wa upande ule, na yule akasema ni wa upande huu. Mitende inakauka. Tunataka mpaka uhamishwe, tupige kura pamoja."

"Wallahi bibi, mpaka unafuata wadi, lile bonde la mto mkavu. Ndivyo ulivyochorwa."

"Aliyeuchora alikuja kutuuliza?"

 Karani akafunua kurasa za barua, akaona majina na alama za vidole za kila nyumba, za pande zote mbili.

"Uamuzi uko Maskati, si hapa," alisema taratibu.

"Najua. Wewe pokea, gonga muhuri, nipe nakala. Maskati nitaipeleka mwenyewe."

"Na wakikataa?"

"Nitawaleta waione hiyo wadi kwa macho yao."

Muhuri ukagongwa. Bibi akaikunja nakala, akatoka kutafuta teksi.

Mimi napiga kura kila uchaguzi, na hujiona raia mwema. Zamu yangu ilipofika, kwa mara ya kwanza maishani, niliomba nionyeshwe ramani ya mipaka ya kura ya kwetu.