Mikono ya Phelista

Phelista hana sauti kubwa. Ana sauti kali, na hayo ni mambo mawili tofauti. Miaka kumi na tisa nimeisikia ikipita juu ya mahindi ya mbegu huku nje ya Kitale: "Mwisho hapo! Mstari unaofuata usiguswe!" Yeye ndiye nyapara wetu. Sisi hung'oa maua ya juu ya mahindi, lakini si mistari yote. Mingine lazima iachwe ichanue, la sivyo hakuna mbegu. Mkono wowote unaweza kung'oa. Kujua pa kuachia ndiyo kazi, na hiyo ni ya Phelista. Alipokwenda mazishini kwao Kamukuywa siku moja, tulijing'olea tu mpaka mistari ya kuachwa ikaisha. Mwenye shamba nusura alie.

Mimi ni Rahab, Mama Gathii kwa wanaonijua, jirani yake mtaani Kipsongo, na mdomo wangu haujui likizo. Phelista alipompata binti yake Nasimiyu akiwa na miaka arobaini na mbili, nilimcheka kwanza, kisha nikaenda kumpikia uji. Mtoto huyo huniita Shosho, yaani bibi.

Huku mtaani Phelista anasifiwa kwa mikono. Mtoto akivimbiwa, analetwa kwake. Anapaka samli, anakanda tumbo kama mamake alivyomfundisha, mtoto anajamba, watu wanacheka, wanakwenda zao.

Mwaka huu Nasimiyu alikuwa na miaka mitatu na nusu tumbo lake lilipofura upande mmoja. Alikula vizuri, alicheza. "Hii ni bandama, ni malaria ya zamani," Phelista akasema, nami nikaitikia, mjinga mwenzake. Kila jioni kwa wiki tatu alimkanda. Mtoto alikuwa akirusha miguu, na aliyeishika hiyo miguu ni mimi. Siku ya mwisho alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake, halafu kile kigumu cha tumboni kikalegea chini ya vidole vya mamake.

"Imekubali, Mama Gathii!" Phelista akaniambia.

Jumapili tukatoa shukrani kanisani. Nilicheza mpaka kitambaa kikaanguka kichwani. Jumatatu mtoto aliamka na homa, midomo imepauka, tukamkimbiza hospitali.

Daktari Jelagat alituketisha baada ya kumpiga picha za tumbo. Alimuuliza Phelista anafanya kazi gani. Alipoambiwa, alifikiri kidogo.

"Basi mama, utanielewa haraka. Mtoto akiwa tumboni, seli zake zote ziko na maagizo yale yale. Lakini figo si jicho. Kuna protini, kazi yao ni kushika jeni: hii iamke, hii ilale. Kama wewe na watu wako kwa shamba. Kuna moja inasimamia figo ikijengwa, halafu inaambia seli, mwisho hapo, sasa mmekuwa figo, wacheni kuongezeka. Kwa watoto wengine hiyo protini imeharibika. Seli zinabaki za kitoto, zinazaana tu bila kusimama. Hiyo ndio kansa ya figo. Hapa hatuna kipimo cha kujua kama yake ilianza hivyo. Lakini hizi nyingi huanza mtoto hata hajazaliwa. Si wewe umeleta."

"Ati amekosa nyapara," Phelista akasema. "Si mimi niko hapa? Nitaziambia aje, dakitari?"

"Hazisikii mtu, mama."

"Na kule kumkanda?"

Jelagat aliitazama ile picha kwa muda. Nilitamani adanganye.

"Uvimbe umepasuka huko ndani. Inaweza pasuka yenyewe, ama ikikandwa. Siwezi jua. Tutampa dawa, halafu tutoe hiyo figo. Ingekuwa haijapasuka ningekuambia wengi sana wanapona. Sasa siwezi kukuahidi. Ila hiyo tumbo isiguswe tena. Hata kidogo."

Hasira zilinipanda, na sikujua pa kuzipeleka. Nilikasirikia samli. Nilikasirikia zile shukrani, na yule daktari kwa kujua mengi hivyo na bado awe hana la kutupa ila kungoja. Kuhusu mikono yangu mwenyewe sitasema.

Hii ni wiki ya tatu ya dawa. Nywele za Nasimiyu zimeanza kubaki kwenye mto. Jana mchana nilipeleka uji wodini, nikamkuta anajinyonganyonga kwa maumivu, muuguzi amesema dawa ya kutuliza itachelewa kidogo.

"Mama, nikande."

"Kesho, mama."

"Nikande sasa."

Akauvuta mkono wa mamake kuelekea tumboni. Phelista aliniangalia jinsi wale wafanyakazi wapya humwangalia yeye mwisho wa mstari, wakingoja kuambiwa la kufanya. Mimi nikainama kukoroga uji. Phelista akauchomoa mkono ule taratibu, akaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

Nasimiyu alimtazama, hakuelewa. Kisha akageuka kwangu, akaitoa miguu yake myembamba nje ya blanketi, akaninyooshea.

"Shosho, njoo ushike," akasema, "ndio mama anikande."