Haisi Uani kwa Mkwe

Haisi ya mzee Fanueli ilibeba kabichi kutoka Lukozi kwa miaka mingi, na hata ilipoacha kubeba kabichi, harufu iligoma kutoka. Mkewe Rahabu aliiosha kwa sabuni ya unga, akaiosha tena kwa majivu, akafukiza majani ya mkaratusi ndani mpaka majirani wakaja mbio na ndoo wakidhani gari linaungua. Wapi! Ukivuta mlango, kabichi inakupokea kabla ya mwenye gari.

"Iache," mumewe alimwambia. "Hiyo harufu ndiyo iliyokulisha."

"Ilinilisha, sikatai. Lakini kulala nayo kitanda kimoja sijawahi."

Na kulala ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Fanueli alikuwa dereva tangu ujana, kwanza wa lori la majani ya chai kule Mponde, halafu wa hii Haisi yake mwenyewe. Magoti yalipochoka kupanda na kushuka na matenga, akastaafu. Watu wakadhani sasa atakaa barazani aote jua. Kumbe akang'oa viti vyote vya nyuma, akagonga kitanda cha mbao za msonobari, mkewe akashona mapazia ya kitenge. Chini ya kitanda wakasukuma jiko dogo la gesi, dumu la maji, sufuria mbili na ndoo yenye mfuniko, ambayo kazi yake haihitaji kuelezwa. Lukozi nzima ikaja kutazama. Wengine waliuliza kama mwezi ujao atapandisha na ghorofa.

Waliojua sababu hawakucheka sana. Sababu ilikuwa Beatha, binti yao wa mwisho, aliyeolewa Amani, ng'ambo kabisa ya bonde, kwenye milima ile mingine. Rahabu alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mwanamke halali chini ya paa la mkwe wake, hali kilichopikwa kwenye chungu cha mkwe, wala hakai kwenye kiti cha mkwe wakatazamana kama marafiki wa sokoni. Siku hizi wengi wanalala, wanakula na hata kuangalia televisheni pamoja na wakwe. Rahabu hakuwa wa siku hizi. Na kana kwamba mila peke yake haikutosha, siku ya posa alisimama mbele ya wajomba wa Hezekia, mkwe mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani: "Binti mchukueni. Ila mimi sitalala kwenu mpaka naingia kaburini." Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Neno likishatoka kinywani mwa Rahabu, hata yeye mwenyewe hana ufunguo wa kulirudisha.

Basi miaka ikapita, Beatha asipate mtoto, na alipopata, akajifungua kwa kisu. Kwa kawaida angekuja kwao kulelewa na mama yake, aogeshwe, apikiwe uji, abebewe mtoto. Lakini mtu mwenye mshono humpandishi magari kutoka Amani hadi Lukozi. Akapiga simu akilia: "Mama, njoo wewe."

Rahabu akajibu, "Nitaona," akakata. Halafu akakaa jikoni akikoroga sufuria isiyo na kitu.

Fanueli aliona. Kesho yake ndipo akaanza kung'oa viti.

"Nyumba yako hii hapa," alimwambia alipomaliza. "Ina paa lako na kitanda chako. Tutaiegesha kwa mkwe, na wewe utakuwa kwako."

Rahabu alilizunguka lile gari, akabonyeza godoro, akatafuta pa kukosoa akakosa. "Na kiti?" akauliza. Bila kungoja jibu akaingia ndani akatoka na kigoda cha marehemu mama yake, cha miguu mitatu, akakiweka juu ya kitanda. Safari ikawa imekubaliwa.

Gari lenyewe lilikuwa na tabia zake. Stata ilikufa zamani, na breki ya mkono ilifuata. Kwa hiyo Fanueli haegeshi ila kwenye mteremko, pua ikitazama chini, jiwe likiwa limezuia tairi. Wakati wa kuondoka jiwe linaondolewa, gari linateleza, linakohoa, linawaka. Zamani kulikuwa na utingo wa kushughulika na jiwe. Sasa utingo alikuwa Rahabu.

"Utingo, jiwe!" Fanueli anaita.

"Utingo ni bibi yako," Rahabu anajibu, huku ameshainama.

Jiwe lilikuwa jeusi, la mtoni, limechongeka upande mmoja likakaa kwenye tairi kama limezaliwa nalo. Fanueli alilipenda kuliko spea zote.

Walianzia Rangwi kwa Scholastica, dadake Rahabu, aliyeolewa na Mkatoliki akahamia huko na imani yake yote. Walilala uani kwake. Asubuhi Scholastica alikuja na chai, akavuta pazia akamkuta dada yake amejifunika shuka mpaka puani, akamwamkia kwa Kisambaa.

"Onga makeo, mama kabichi! Umeamkaje humo kwenye tenga?"

"Nimeamka kwangu," Rahabu akasema. "Bisha hodi kwanza."

Scholastica akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akamshika mkono. "Dada, ukifika kule, usikae garini ukamkazia mtoto macho kwa mbali. Mtoto halijui neno lako."

Neno lile Rahabu alilibeba.

Walishuka Lushoto, wakafika Soni, wakaiacha njia kubwa wakapinda kwenda Mponde, kwa kuwa Fanueli alisema hawezi kupita bila kuona pale walipoanzia wao wawili. Walisimama kwenye mteremko juu ya mashamba ya chai. Rahabu akaweka jiwe, wakatandika khanga, wakala viazi vya kuchemsha.

"Pale," Fanueli akaonyesha. "Pale ndipo uliponitukana."

"Ulirudisha lori nyuma bila kutazama, ukalikanyaga kapu langu. Majani ya asubuhi nzima."

"Nilikuwa natazama. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Ndiyo maana ukaligonga kapu. Dereva gani huyo?"

Wakaendelea kutafuna. Chini yao wanawake walikuwa wakichuma, mikono ikienda kama kuku wanaodonoa. Rahabu akawaza Beatha alipokuwa mchanga, alivyomfunga mgongoni kwenye mistari ileile ya chai na mtoto analala tu, kelele zote hizo. Akawaza kwamba binti yule sasa ana mtoto na hana mgongo wa kumbeba, maana mshono unauma. Alikuwa bado anawaza hivyo Fanueli alipoita, "Utingo, jiwe!" Akalisukuma jiwe kando kwa mguu, gari likaanza kuteleza, akakimbia na khanga mkononi akajitupa ndani. Gari likakohoa, likawaka. Jiwe likabaki Mponde.

Aligundua waliporudi Soni, wakisimama kununua mapeasi. Akapapasa chini ya kiti, hakuna kitu. Angeweza kusema, "Mume wangu, jiwe nimelisahau." Maneno machache tu. Badala yake akashuka, akachukua jiwe lililoshikilia meza ya muuza mapeasi, akaliweka kwenye tairi, na meza ikaegemea upande.

"Bibi, hilo jiwe langu!" muuzaji akapiga kelele.

"Naliazima. Pima mapeasi."

Mombo na joto lake wakaipita, Korogwe wakalala kwenye uwanja wa kanisa. Kila kituo Rahabu aliokota cha kuokota: huku tofali, kule kipande cha gogo. Fanueli alikaa kwenye usukani, hakushuka kutazama, kwa sababu utingo akisema "tayari" dereva anaamini.

Kutoka Muheza barabara ikaanza kupanda tena, kona juu ya kona, chai, halafu msitu, halafu chai. Walifika mchana, mawingu yameshuka mpaka kwenye miti. Nyumba ya Hezekia ilikuwa chini ya njia, bati jipya, baraza lenye nguzo za mbao, uani jiko la mafiga. Hezekia alikuwa amesawazisha mahali pazuri karibu na baraza, amepamwagia mpaka changarawe.

Fanueli akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Ila hapo tambarare. Nikiingia hapo gari haliwaki mpaka siku ya kiama."

"Tukae hapa juu," Rahabu akasema upesi, kutoka nyuma ya pazia. Hapa juu ilikuwa njiani, nje ya ua. Njia haina mkwe.

"Haya. Utingo, jiwe!"

Rahabu akashuka. Ardhi ya pale ilikuwa udongo mwekundu na majani yaliyooza, laini kama keki. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Jiwe hata la kumpigia kunguru hakuna. Changarawe ya mkwe iko chini kule, na kwenda kumwomba mkwe jiwe siku ya kwanza, hapana. Akanyoosha mkono ndani ya gari, akatoa kigoda cha mama yake, akakipachika kwenye tairi.

"Tayari," akasema.

Fanueli akashuka kwenda kumwona mjukuu. Rahabu akabaki kwenye kitanda chake, mlango wazi, mgongo umenyooka, akingoja aletewe mtoto. Hivyo ndivyo alivyopanga: mtoto atapandishwa, atampakata kwake, juu ya godoro lake, na neno lake litabaki zima.

Mvua ikaanza.

Si mvua ya kuuliza, ilikuja nzima mara moja. Beatha akajitokeza dirishani, uso umepungua, kitambaa kimefungwa kichwani vibaya. Rahabu alipouona uso ule, mkono ulimwenda wenyewe kwenye kifua.

"Mama! Shuka uingie ndani!"

"Itakatika!"

"Ya huku haikatiki, mama! Mtoto hawezi kutoka kwenye mvua!"

"Nitangoja!"

Ndipo Hezekia akatoka barazani na mtoto amefungwa shali. Alisimama ubavu, uso ameutazamisha ukutani kwa heshima, akamwinua mtoto kidogo ili bibi amwone. Kutoka juu kule Rahabu aliona shali. Ndani ya shali labda palikuwa na pua. Akakaza macho vilevile Scholastica alivyomkataza, akajichukia. Akajisogeza mbele ili aone vizuri.

Kigoda kikalia. Kah! Mguu mmoja ukaenda, halafu mingine miwili kwa pamoja, na Haisi ikaondoka.

Haikuwa na haraka. Iliteleza juu ya tope kama mgeni anayejua anakokwenda, ikapita katikati ya iliki za Beatha, ikakanyaga kamba ya nguo, ikashuka na soksi za mtoto kwenye kioo. "Breki!" Fanueli akapiga kelele akitoka mbio, lakini breki zilikuwa mbele na Rahabu yuko nyuma, ameshikilia pazia la kitenge kana kwamba pazia ndilo usukani. Gari likavuka changarawe ileile iliyotayarishwa, likalamba nguzo ya baraza na kusimama. Paa la bati likalifunika mpaka nusu. Dirisha la Rahabu likawa uso kwa uso na mkwe wake.

"Jiwe!" Fanueli alikuwa amelisukumia gari bega. "Weka jiwe, linaendelea! Nguzo itakatika!"

Hezekia alikuwa na mikono miwili, na yote ilikuwa na mtoto. Nguzo ikalia. Akageuza uso pembeni, akaingiza shali dirishani.

"Shikamoo mama," akasema. "Shika."

"Marahaba," Rahabu akasema, na mikono yake ikawa imeshapokea.

Hezekia akaruka mpaka jikoni, akang'oa figa moja likiwa bado na joto, akarudi akalisukuma chini ya tairi. Gari likatulia. Fanueli akakaa chini kwenye matope, akihema, halafu akaanza kucheka peke yake.

Rahabu hakuwasikia. Ndani ya shali palikuwa na pua, tena pua ya mama yake, ile pana ya kwao. Mtoto akafumbua jicho moja, akanusa harufu ya kabichi, akapiga chafya, akalala.

Mvua ilipiga bati juu yake. Alijua ni bati la nani. Fanueli akaja dirishani amelowa chapachapa.

"Mama Beatha, jiwe langu liko wapi?"

"Mponde."

"Mponde!"

"Tukirudi tutalipitia. Kuna mtu atakula jiwe?"

"Na tairi ulizuia na nini?"

Rahabu akatazama juu njiani, vipande vya kigoda vimetapakaa kwenye tope. Akamkumbatia mtoto zaidi, kwa ajili ya mama yake. Halafu akaona jiko la uani, mafiga mawili yakitazamana, chungu kimelala ubavu, uji wa Beatha umemwagikia majivu.

"Huyu mzazi atakula nini?" akasema kwa sauti. "Baba Beatha, chini ya kitanda kuna gesi. Toa, weka barazani. Lete na unga wangu. Nani kakufunga hicho kitambaa, Beatha? Rudi kitandani, nakuja."

Hezekia alikuwa bado amesimama pembeni, maji yakimtiririka puani, akitazama ukuta wake mwenyewe. Rahabu akamwangalia yule mwanamume aliyemwagia changarawe gari lisiloweza kuegeshwa pale. Akavuta mlango, akashusha mguu mmoja, ukakanyaga saruji ya baraza.

"Hezekia."

Rahabu hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Naam, mama."

"Kigoda changu kimevunjika. Niletee kiti."

Kiti kikaja, cha mbao, chenye kitambaa cha kufumwa. Rahabu akakaa, mjukuu mapajani, akawasha gesi, akabandika uji. Kulala angelala kwenye Haisi, hilo halina mjadala, na ikiwa Haisi imeamua kuingia chini ya bati, basi wenye maswali waiulize Haisi.