Siagi na Miwani ya Droni

Walimwita Siagi, na si kwa unene, maana mashati yake alinunua upande wa watoto na bado yalimpwaya mabegani. Jina alilipata kwa video zake. Droni ya mtu mwingine ikipiga harusi, bibi harusi anatembea kwa kushtukashtuka kama kuku aliyemwagiwa maji. Ya Siagi ilimtelezesha bibi harusi huyohuyo kutoka garini hadi mlangoni, mpaka wazee wakauliza kama kuna mtu alipaka njia mafuta.

Siri yenyewe hakuificha. Aliyeuliza alielezwa, na ambaye hakuuliza alielezwa pia. Video, alisema, ni picha zilizosimama tu, zinapitishwa haraka machoni. Yeye alipiga picha ishirini na tano kila sekunde, na kila picha aliifungulia jicho la kamera kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Muda huo ukimtosha mtu kuhamisha mguu kidogo, mguu unaacha mkia wa ukungu nyuma yake, na mikia hiyo ndiyo inayoshona picha moja na nyingine. Ukiharakisha kufunga jicho, kila picha inatoka kali kama wembe, lakini video nzima inarukaruka. Tatizo ni jua. Mchana mwanga unaingia kwa fujo na picha inaungua, nyeupe pe. Kwa hiyo droni huvalishwa miwani, yaani kioo cheusi kidogo kinachobanwa mbele ya lenzi.

"Ndege inavaa miwani ya jua," shemeji yake alimwambia siku ya kwanza kuiona, "na mwenye ndege hana hata kandambili zinazofanana."

"Kandambili haziruki, shemeji."

Shemeji huyo alikuwa mume wa dada yake, na Siagi alikaa kwao, akilala sebuleni juu ya godoro lenye kasoro walilouziwa kiwandani. Kiwanda cha magodoro ndicho kilichowalisha wote wawili. Dada alikata sponji ndani. Mumewe alikuwa mlinzi getini, akipekua mifuko ya wanaotoka. Jioni alimpekua hata mkewe, na mkewe humwambia watu wote wakisikia, "Tafuta vizuri, baba. Moyo wako nimeuficha humohumo." Foleni nzima hucheka, na shemeji hufanya uso wa kazi huku masikio yakimwiva.

Halafu mashine ya kukatia sponji ikala mkono wa mama mmoja. Ngao ya msumeno ilikuwa imevunjika tangu zamani, na huyo hakuwa wa kwanza kukatwa. Safari hii wafanyakazi walisema basi. Hakuna atakayegusa mashine wala lori litakalotoka mpaka ngao irudishwe.

Asubuhi ya mgomo dada alikunywa chai kwa kusimama, amekwisha kuvaa aproni yake ya bluu ya kiwandani.

"Wakiwaambia mtutawanye?" alimwuliza mumewe.

"Nitasimama. Mimi kazi yangu kusimama."

"Wakisema mpige?"

"Nitapiga hewa." Alizungusha rungu juu ya meza hadi vikombe vikatikisika. "Unanijua mimi. Hata mende, anayeua ni wewe."

Dada akacheka, Siagi naye akacheka. Yeye pia alikuwa na kazi kiwandani siku hiyo. Alikuwa amekubali zamani kupiga video ya tangazo, ghala jipya na malori yakitoka na magodoro, na mkataba haukusema lolote kuhusu mgomo.

Walimpandisha juu ya paa la kantini, ndani ya ua, pamoja na afisa uhusiano wa kiwanda, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono. Nje ya geti wafanyakazi walikuwa wamekaa barabarani, bluu tupu, kama shuka kubwa lililoanikwa chini.

"Malori yatatoka," afisa uhusiano alisema. "Wewe yafuate tu. Wateja waone kazi inaendelea."

Siagi akabana miwani mbele ya lenzi, akaweka zile namba zake za kila siku, akaipandisha droni. Geti likafunguka. Hayakutoka malori. Walitoka walinzi, wamevaa kofia ngumu, mbio, na hakuna aliyepuliza hata filimbi kwanza.

Mzee wa stoo alikuwa anajaribu kuinuka, amejishika goti. Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Juu ya paa mlio wake ulifika kama kigae kinachovunjika, halafu milio ikawa mingi, haihesabiki, mikavu, na katikati yake sauti za watu. Mwanamke alivutwa kwa nywele hadi kwenye mfereji. Jiwe lilirushwa kutoka nyuma ya umati, likamfungua mlinzi mmoja taya. Alikwenda akiyumba, amelishika kwa mikono miwili kama bakuli linalovuja. Wenzake walipoona damu yake, waliacha kupiga ovyo, wakaanza kulenga vichwa.

Ndivyo masikio ya Siagi yalivyosikia na macho yake yalivyoona yalipoinuka. Kwenye skrini aliyoishika mkononi kulikuwa na kitu kingine kabisa. Marungu yalipanda na kushuka kwa utaratibu, kila moja na ukungu wake mwororo. Watu walitawanyika kama maziwa kwenye chai. Hakuna aliyekuwa na uso.

"Nzuri hiyo," afisa uhusiano alisema, ameinama juu ya skrini. "Inateleza." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anatazama skrini tu.

Siagi aliizungusha droni juu ya umati. Alimtafuta dada yake na hakumpata, maana aproni zote zilikuwa bluu. Akaishusha droni hadi usawa wa taa za barabarani. Akataka kuharakisha jicho la kamera ili sura zikamatike, akazungusha kitufe, na skrini ikawa giza kama chungu. Miwani. Kioo kile kilikuwa kinakunywa mwanga wote, na hakiwezi kuvuliwa angani. Akarudisha namba kwenye ulaini wake, akitukana kwa meno yaliyoumana.

Hapo akamwona. Alimjua kwa mkao, mikono kiunoni, kama anavyosimama jikoni maziwa yakimwagika. Alikuwa ameielekea droni, anamfokea mtu aliyekuwa pembeni. Nyuma yake kukaja ukungu mweusi, ukapita. Mkono mmoja ukatoka kiunoni kwenda kukinga kichwa, ukungu ukapita tena, na dada hakuwepo pale alipokuwa.

Siagi akatupa macho barabarani amtafute bila skrini. Ukuta wa ua ulikuwa umemficha. Akakimbia hadi ukingo wa paa, afisa uhusiano akamdaka mkanda, "Utaanguka, bwana!", na kwa muda huo wote droni ilining'inia palepale juu ya watu, haina mwenyewe, ikitazama.

Aliporudiwa na akili aliishusha paani avue miwani. Kucha ziliteleza. Akaing'oa kwa meno. Droni ilipopanda tena, namba zimebadilishwa, kila kitu kikiwa kikali, hakukuwa na mtu wa kupiga. Kulikuwa na viatu. Kulikuwa na aproni moja iliyochanika na kipande cha meno ya bandia ya mzee wa stoo, na kila tone la damu lilikuwa na ukingo wake, unaweza kulichora.

Dada alivunjika mkono wa kushoto na kushonwa kisogoni. Aliyembeba hadi hospitali, mikononi, katikati ya jua, alikuwa mumewe. Watu walisimulia hivyo, wakamsifu; mlinzi aliyetupa rungu akambeba mkewe. Nyumbani alimlisha uji kwa kijiko na kumsuka tena nywele zilizosalia, vibaya, kama kamba ya kufungia mbuzi. Dada alimwachia.

Lakini swali lilikuwa limekaa naye kitandani. Aliyempiga alikuja kwa nyuma. "Hukumwona?" alimwuliza mumewe. "Mlikuwa mstari mmoja."

"Kofia zile zinafanana, mama. Nilifika umeshaanguka."

Akamwuliza kesho yake, akajibiwa vilevile, neno kwa neno. Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Wakili wa wafanyakazi alikuwa anatafuta sura ya mlinzi, hata moja, ili kesi isimame, na dada alisema hilo nalo analitaka, lakini kabla ya wakili alitaka kujua mwenyewe. Hawezi kulala, alisema, na mtu ambaye jibu lake halibadiliki hata koma.

Shemeji naye alimfuata Siagi uani, akajifanya anaosha buti.

"Zile picha zako, zimetoka?"

"Zimetoka laini."

"Laini vipi? Watu hawaonekani?"

"Ukungu mtupu."

Shemeji akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia, na aliishusha mapema mno. Siagi alibaki ameshika ndoo, pumzi ile imemkaa kifuani.

Alasiri, shemeji alipotoka kununua dawa, Siagi alifungua kompyuta juu ya godoro, akachomeka kadi ya droni, dada akakaa kando yake, mkono uliofungwa plasta ngumu ukiwa mapajani. Aliiendesha video picha moja moja. Marungu yaligeuka pamba. Walinzi walikuwa vivuli virefu visivyo na vichwa. Dada alijiona amesimama, mikono kiunoni.

"Mtu mzima nina tumbo hivi, na hamniambii."

Siagi hakucheka. Akabonyeza. Ukungu ukaja nyuma ya dada. Akabonyeza. Mkono, kisogo, bluu ikivutika kwenda chini kama rangi iliyofutwa kwa kidole. Akabonyeza tena, akifika pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kutazama skrini.

Pande zote watu walikuwa moshi. Katikati ya moshi alisimama mlinzi mmoja, mkali, kamili, na vifungo vya shati lake unavihesabu.

"Huyu mbona hana ukungu?" dada aliuliza.

Siagi alisogeza uso karibu na kioo. "Hajatikisika. Kamera inapaka ukungu kinachokwenda. Aliyesimama inamwacha kama alivyo."

Kofia ilikuwa imerudi kisogoni. Rungu limening'inia pajani. Miguuni pake kulikuwa na bluu iliyolala. Wenzake wote walikuwa wamepita mbele wakiendelea kupiga, ndiyo maana hawana sura. Huyu peke yake alikuwa amepigwa na butwaa, na aliposikia mlio wa droni aliinua uso. Alikuwa anamtazama Siagi machoni.

Dada alinyoosha kidole, akagusa kioo cha kompyuta, pale kwenye mdomo uliokuwa wazi.

"Sikujua ni wewe."

Shemeji alikuwa mlangoni, mfuko wa dawa mkononi. Hawakumsikia akiingia.

"Aproni zilikuwa sawa zote," alisema. "Kwa nyuma mlifanana. Haki ya Mungu sikujua ni wewe."

Dada aligeuka polepole kwa sababu ya shingo. "Ulidhani ni nani?"

"Nakwambia sikujua."

"Nimesikia. Nakuuliza, ulipoinua rungu, ulidhani ni nani yule?"

Shemeji aliutazama mfuko wa dawa. "Mtu tu," alisema.

"Mtu tu." Dada alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei. "Ukampiga mara mbili."

"Walituambia..."

"Mara mbili, baba. Ya kwanza haikukutosha."

"Futa hiyo," shemeji alimwambia Siagi. Sauti ilikuwa imebadilika. "Shemeji, futa. Wananifunga mimi. Nani atamtunza huyu?"

"Mpelekee wakili," dada alisema. "Yote. Usikate mahali."

Shemeji akaangusha mfuko. Siagi, ambaye hakuwahi kupigana tangu shule, alifanya kitu kimoja alichokiweza: alichomoa kadi, ndogo kama ukucha, akaitia mdomoni, akauma meno. Kompyuta ilikwenda ukutani, ikafunguka kama kitabu kilicholowa. Halafu ngumi ikamkuta. Ya pili ilimwangusha juu ya godoro, na shemeji akampanda kifuani, akamkaba taya kwa mkono mmoja na kwa mwingine akijaribu kumpanulia midomo, akisema kwa sauti ya kubembeleza kabisa, "Tema, shemeji. Tema tu. Tema yaishe." Siagi akamuuma kidole mpaka akahisi mfupa. Shemeji akanguruma, akampiga tena, palepale mdomoni. Kitu kikavunjika humo, na Siagi hakujua kama ni chake au ni cha droni.

Plasta ni nzito kuliko inavyoonekana. Dada aliiinua kwa mkono mzima, akaishusha juu ya sikio la mumewe kwa uzito wake wote, akapiga ukelele yeye, si aliyepigwa, maana mfupa wake ulikuwa bado haujashika. Shemeji akaanguka upande, akakaa chini, ameegemea ukuta, damu ikimshukia shingoni ndani ya kola ya sare. Alimtazama mkewe kama anayemtambua sasa hivi.

"Umenipiga," alisema.

"Nilijua ni wewe," dada akamjibu.

Alikuwa mweupe midomoni kwa maumivu. Alimpa Siagi kiganja cha mkono mzima. Siagi akainama, akatema. Damu, nusu ya jino, na kadi. Dada akashika pindo la gauni aifute.

"Usisugue," Siagi alisema, maneno yakimtoka yamevimba. "Inakwaruzika. Iache ikauke."

"Itakauka njiani," dada alisema, akavaa viatu bila kuvifunga, wakatoka.