Aliyekuja Kusoma Sheria

Jumamosi, kwenye kaunta ya maktaba hapa Balsall Heath, mtaa wetu wa ughaibuni, mama mmoja wa Kizanzibari aliomba vitabu vya sheria za bunduki na kujihami. Wahuni walikuwa wamevunja tena kioo cha duka lake.

Mkutubi akashusha miwani. "Unataka kumpiga nani, bibi?"

"Simpigi mtu. Nataka kujua wakirudi naruhusiwa nini, kabla hamjaniita mimi mhalifu."

"Polisi watakulinda."

"Walikuja nimeshafagia, mwanangu." Akatandaza kiganja juu ya kaunta, na hakukiondoa mpaka vitabu vilipoletwa.

Sasa niambieni: waliorusha mawe, nani aliwauliza wanataka kumpiga nani? Anayeshukiwa ni aliyekuja kusoma sheria! Basi na tushukiwe sote. Nimeshaandikisha jina langu kuvisubiri vitabu vile. Akivirudisha tu, navichukua mimi.