Plagini ya Sauti ya Baba

Kompyuta haijui msiba. Ungeiambia kwamba kesho tunaweka msalaba kwenye kaburi la baba, kwamba ndugu wameshaanza kufika na ulanzi, pombe ya mianzi, uko kwenye madumu, nayo ingekujibu vilevile ilivyonijibu mimi asubuhi ile nyumbani kwetu Iringa: plagini hii haitumiki tena.

Plagini ni kijiprogramu unachokibandika kwenye kivinjari ili kifanye jambo ambalo chenyewe hakiliwezi. Hiyo yetu ilikuwa ya kuchezea sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya baba. Zamani kidogo wanafunzi wa chuo walikuja kumrekodi, yeye mwalimu mstaafu, akieleza namna Wahehe wanavyosalimiana na kupeana heshima. Wakamletea CD yenye kurasa za kufunguliwa kwenye kivinjari, kama tovuti. Wakati huo hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo akaihifadhi kabatini pamoja na glasi za wageni. Nilipokuja kumletea kompyuta ya mezani kutoka Mbeya, niliyoiwekea mfumo wa Linux kwa sababu virusi vya flashi vilikuwa vimenichosha kwenye duka langu la uchapaji, vivinjari vilikuwa vimeshaitupa ile plagini. Ukibonyeza kitufe cha kusikiliza unaonyeshwa kisanduku cha kijivu, basi. Baba hakulalamika. Aliigonga ile CD kwa kidole akasema, "Si nimo humu? Siendi popote."

Akaenda.

"Sura yake ninayo pale ukutani," mama aliniambia kwenye simu. "Sauti ndiyo inaanza kunitoka. Nikiwa shambani naitafuta, siipati." Alitaka watu waisikie siku ya msalaba, lakini kwanza aisikie yeye. Nilimwahidi. Mimi na mdomo wangu.

Nilianza kwa njia ya mkato: nikaweka kivinjari cha zamani, cha enzi ambazo plagini ile ilikuwa hai. Kilifunguka, kikaganda, kikajifunga chenyewe. Nikakifungua tena, kikajifunga tena, bila hata kusema sababu. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa ameketi nyuma yangu na kikombe chake cha ulanzi, amevaa sweta jekundu kwa ajili ya baridi.

"Bado tu?"

"Bado, baba."

"Na huko Mbeya watu wanakulipa kwa kazi hiihii?"

Nikakifungua kivinjari mara ya tatu. Ningejibu ningemkosea adabu.

Kulikuwa na plagini mbadala, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea ili kufufua vitu kama hivi, ila ilidai kivinjari kipya, na kivinjari kipya kilidai mfumo mzima usasishwe. Nikaunganisha intaneti ya simu, nikaanza. Mstari ulitambaa kwenye kioo polepole, na mimi niliukazia macho kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Ulikuwa umekaribia mwisho pale ngurumo ya kwanza iliposikika.

Kwetu milimani radi haina utani. Mama aliingia kwa haraka, akakifunika kioo cha kabati kwa khanga, akamwambia baba mdogo avue lile sweta jekundu, akazima redio. Kisha akainama nyuma ya meza na kuchomoa waya wa kompyuta ukutani.

"Mama!"

"Radi hiyo."

"Mama, ilikuwa inamalizia! Sasa umeiharibu yote!"

"Heri iharibike yenyewe kuliko nyumba."

Nilitoka nje nikasimama barazani, mvua ikinirushia matone. Nilimkasirikia mama, nikawakasirikia wanafunzi walioifungia sauti ya mtu mzima ndani ya kitu kitakachokufa kabla yake, nikaikasirikia hata mvua, ambayo wakulima wote wa eneo lile walikuwa wakiiombea. Hasira haichagui.

Mvua ilipokatika nikachomeka. Kama nilivyoogopa, kompyuta iliwaka nusunusu: nusu mfumo mpya, nusu wa zamani, na kila programu inalalamikia mwenzake. Ipo amri ya kuiambia Linux imalizie kazi iliyoachwa njiani. Niliiandika, ikakataa. Nikatafuta programu iliyokwama, nikaing'oa, nikairudia amri, ikakubali kwa shingo upande. Nikaweka kivinjari kipya, nikabandika plagini mbadala, nikafungua CD, nikabonyeza kitufe.

Kisanduku cha kijivu.

Nilitaka kulia, na sikuona haya. Nikaingia kwenye majukwaa ya mtandaoni, nikamkuta mtu mwenye shida ileile kabisa. Wenzake walimuuliza hili na lile, mwishowe akaandika: nimeshatatua, asanteni. Hakusema ametatuaje. Mtu huyo nikikutana naye, yeye na mimi hatutasalimiana.

Jibu nililipata kwa mwingine. Kumbe kivinjari, kwa kujilinda, hakiiruhusu plagini iguse kurasa zilizo kwenye mashine yenyewe. Kinaamini zile tu zinazotoka mtandaoni. Dawa ni kuifanya kompyuta ijitumie kurasa zake, yaani ijifanye mtandao na ijifanye mteja papo hapo. Kitu chenyewe ni mstari mmoja wa amri. Siku nzima imeliwa na mstari mmoja.

Nikabonyeza. Kisanduku kikapotea. Kwanza ulisikika mkwaruzo, halafu mtu akakohoa, na mimi nikakijua kile kikohozi kabla ya neno lolote.

"Mama! Njoo!"

Alikuja na mikono yenye unga, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Baba mdogo akakiweka kikombe chini. Baba akasema, "Kamwene," na wote wawili wakaitikia, "Kamwene," kana kwamba ameingia mlangoni. Akaeleza nani huanza kumsalimu nani, akawatania wanafunzi kwa kusalimia huku mikono iko mifukoni. Mama alikuwa anatikisa kichwa, midomo ikimfuata neno kwa neno. Kisha, mle mle ndani ya rekodi, mbali kidogo, ikanguruma. Baba akakatisha maelezo.

"Ngojeni kwanza. Mama watoto! Chomoa hiyo waya, radi hiyo!"

Mama alishainuka. Sikuwahi hata kunyoosha mkono. Aliinama nyuma ya meza, akachomoa, na kioo kikawa cheusi.

Nje jua la jioni lilikuwa limetoka, hakuna wingu. Mama akabaki ameinama pale, ameshika waya, anautazama. Baba mdogo alijifuta uso kwa kiganja. Mimi niliyefoka mchana kutwa nilitafuta hasira yangu na sikuiona ilipokwenda.

"Washa tena, mwanangu," mama akasema, akinipa ule waya. "Rudisha pale aliponiita."

Nikachomeka.