Kibanja cha Mkama, Kaburi la Mama

Mama alizikwa kwenye migomba, hatua kama kumi juu ya chemchemi, kwa kuwa kwetu mtu hulazwa katika kibanja, yaani shamba la nyumbani, alichokilima. Matanga yalikuwa hayajaisha jumbe alipofika. Tulimkaribisha kwenye nyasi tulizotandika chini, akakaa, akatoa pole, kisha akasema kwamba serikali imependa maji yetu. Walitaka kujenga tangi palepale juu ya chemchemi na kuyapeleka maji kwa bomba hadi sokoni na barazani.

Baba aliuliza kama tangi litafika kwenye kaburi. Jumbe akasema hayo ni mambo ya baraza.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita kubwa ya pili, na sisi wa upande wa Nyakatuntu tulikuwa bado chini ya Karagwe. Baraza likaitishwa kwa mambo mawili: fidia ya ardhi inayochukuliwa kwa faida ya watu wote, na mpango wa maji. Karani aliyeletwa kuandika alikuwa mtu wa Tabora, hakujua Kinyambo, lugha yetu, hata cha kuombea moto. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa manne kwa mapadri, basi jumbe akanipeleka nikawe mkalimani. Niliapishwa kwa Biblia kwamba sitaongeza neno wala kupunguza. Nilikuwa kijana mwenye msiba, na kiapo kile nilikichukua kwa uzito ambao nadhani hata walioniapisha hawakuukusudia.

Wajumbe wa baraza walikaa siku tatu. Siku ya kwanza yote ilikwisha kwa swali kama mgomba wenye ndizi ni sawa na mgomba usio na ndizi. Mzee mmoja kutoka Ndama alisimama akasema kwamba mgomba wa pombe ulipwe zaidi ya mgomba wa chakula, kwa sababu chakula mtu hula na watoto wake lakini pombe hunywesha kijiji. Watu wakacheka, na karani akaandika. Siku ya pili walipanga maji: bomba moja barazani, moja sokoni, moja kwenye nyumba za wakubwa. Mmoja akauliza wanawake huenda kisimani mara ngapi kwa siku. Wakatazamana. Hakuna aliyejua, wakakubaliana kwamba jambo hilo lichunguzwe baadaye.

Shangazi yangu alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, na mtungi wa maji ya kunywa ya wajumbe. Aliyachota kwenye chemchemi yetu kila asubuhi, nao waliyasifu kuwa baridi. Hawakumuuliza. Nami nilikuwa nimeapa kutafsiri yanayosemwa tu.

Siku ya tatu walipitisha sheria, na niseme kweli, ilikuwa sheria nzuri. Ilisema kwamba mwenye kibanja kitakachochukuliwa apewe kibanja kingine kinacholingana nacho, na kama ndani mna kaburi, lizungushiwe ua na kuachwa mikononi mwa mwenye kibanja, apite kwenda kulitunza wakati wowote. Sikuwahi kusikia sheria iliyomhusu mama yangu. Jioni nilimweleza baba, naye kwa mara ya kwanza tangu mazishi akala akamaliza.

Siku ya nne walikuja kutazama mahali penyewe. Mkama, mtawala wetu wa Karagwe, alikuja mwenyewe, akawekewa kiti kwenye kivuli cha migomba yetu. Baba alipiga magoti akamwamkia inavyopasa. Karani akafungua daftari, akaniambia nimuulize mzee kibanja hiki ni cha nani.

Nikauliza. Baba akajibu, macho chini:

“Ni chako, Waitu, bwana wetu. Mimi nakutunzia tu.”

Mnyambo yeyote aliyekuwa pale alijua maneno hayo maana yake nini. Ndivyo mtu anavyosema. Mbele ya Mkama hakuna mwenye kitu. Anayesema “changu” anatafuta ugomvi, na mtoto hufundishwa hivyo hata kabla hajajua kunawa mikono. Mkama naye ana jibu lake la desturi, akalitoa kwa upole: “Endelea kukitunza.” Hapo kwetu shauri huwa limekwisha, na kibanja kinabaki cha mwenyewe kama kilivyokuwa tangu babu.

Karani akanigeukia. Nikamwambia yale yaliyosemwa, yote. Mzee anasema ni cha Mkama, yeye anatunza tu. Mkama anasema aendelee kukitunza. Karani akaandika.

Kulikuwa na sentensi moja iliyobaki kinywani mwangu: hiyo ni adabu, bwana, kibanja ni cha baba yangu. Lakini haikuwa imesemwa na mtu. Mama aliwahi kunichapa kwa sababu nilisema kuku wametaga mayai matatu na walikuwa wametaga manne, na yeye alikuwa amelala hatua chache nyuma ya kiti cha Mkama. Sikuongeza neno.

Baada ya wiki mbili jumbe alirudi na majibu. Karatasi inasema kibanja ni cha Mkama, kwa hiyo fidia ni ya Mkama.

“Na kaburi?” baba aliuliza.

“Kaburi linakwenda na kibanja, mzee.”

Kurudi barazani kukana hakukuwezekana. Ingekuwa kama kumwambia Mkama kwamba amepokea kisicho chake. Baba akanitazama.

“Nilisema kama mtu,” aliniambia. “Wewe umetafsiri kama kitabu.”



Mkama alikuwa mtu mwema. Alisikia kwamba mzee hana pa kulima, akampa kipande mlimani, penye mawe. Baba akabeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaenda kumshukuru. Alishukuru vizuri sana. Siku hiyo mkalimani hakuhitajika.

Tangi likajengwa. Ua ukazunguka yote, tangi na kaburi ndani, na lango likatiwa kufuli. Maji yakaenda sokoni, na shangazi akawa anakwenda kuchota bondeni, mbali mara mbili ya zamani. Ilipotafutwa kazi ya mlinzi wa tangi niliiomba, nikapewa kwa sababu nilijulikana kuwa mkweli. Nilifagia kaburi kila asubuhi kabla ya kupima maji.

Kila Jumapili baada ya misa baba alikuja. Alisimama nje ya lango akakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa wageni, nami nikamfungulia. Amri ilikuwa kwamba kila anayeingia aandikwe kwenye daftari la lango, yeye ni nani na amefuata nini. Jumapili ya kwanza nilishika kalamu muda mrefu. Kisha nikaandika: Mwenye kibanja. Amekuja kumtazama mkewe.

Nikaandika hivyo kila Jumapili. Mwisho wa mwezi bwana wa maji alikuja kukagua, akapitisha kidole kwenye kurasa, akasema mwandiko wangu ni safi, akatia sahihi yake chini.