Alama ya Crispín

Huku kwetu Papantla, ganda la vanila hutobolewa kwa mwiba lingali changa, na kovu hukua nalo. Kila nyumba ina alama yake, basi ukiiba, ganda lenyewe litakusema. Alama ya marehemu Crispín ilikuwa nukta tatu chini ya mwezi mchanga. Alipokufa hakubaki wa kuipiga ila mjane wake, jirani yangu Eufrasia.

Mwana wao wa pekee, Nazario, alikwenda kaskazini miaka kumi na mmoja iliyopita, na simu zake zikakatika. Eufrasia akachavusha maua peke yake, asubuhi baada ya asubuhi, akiongea na marando ya vanila kwa kukosa mtu. Novemba, siku ya wafu, marehemu wanapoandaliwa chakula nyumbani, tulimsihi amwekee Nazario sahani madhabahuni kwa baba yake. Akakataa. Nilikasirika, nikamwambia anajitesa bure. Alinijibu kwamba sahani ya aliye hai huwekwa mezani, na kweli, kila jioni mezani kwake zilikuwa mbili.

Desemba, wakati wa mavuno, Mzee Abundio anayetukaushia vanila alituita. Mbele yake palikuwa na gunia wazi.

"Umeibiwa, Bi Eufrasia, na mwizi wako leo kapatikana. Hebu tazama alama."

Macho ya Eufrasia yameshachoka, kwa hiyo alipapasa kwa kidole gumba, ganda la kwanza, la pili, la tatu. Mimi nilikwishapandisha mori, nataka jina.

"Alama ni ya Crispín," akasema, "lakini mkono si wangu. Nukta zangu siku hizi zinapinda, hizi zimenyooka. Nani kaleta?"

Abundio akasema ni mwanamke wa Coyutla, mwendo wa saa mbili kwa basi, mwenye mtoto mgongoni. Kadai vanila ni ya shamba la mumewe, mtu aitwaye Nazario.

Nilimkumbatia Eufrasia kwa furaha, mpumbavu mimi. Alikuwa amekauka kama gogo, anahesabu kwa vidole. Ndipo nami nikakumbuka kwamba rando la vanila, tangu lipandwe, halizai kabla ya miaka mitatu. Miaka mitatu yote, saa mbili tu kwa basi.

"Mrudishieni gunia lake," akasema. "Heri ningekuwa nimeibiwa."

Jioni nilimpelekea tortilla za moto. Alikuwa anakula. Mezani palikuwa na sahani moja.